Propaganda si jina jingine la uongo

Kikundi chetu cha kusoma vitabu kilikuwa kinajadili riwaya ya kihistoria kuhusu Wayahudi wa Warsaw wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenzetu mmoja akasema, "Si mambo ya kubuni haya? Basi ni propaganda tu." Mazungumzo yakaendelea, lakini mimi neno lile lilinikaa moyoni. Siku hizi mgombea akitaja takwimu za uongo, utasikia ni propaganda. Jirani akizusha jambo, propaganda. Sasa na riwaya nayo.

Propaganda ni kueneza habari, picha au mawazo kwa makusudi na kwa mpango, ili watu wengi waamini au watende atakavyo mwenye kueneza. Maana ndiyo hiyo. Uongo unaweza kuwamo, tena mara nyingi umo, lakini si uongo unaoifanya iwe propaganda.

Neno lenyewe limetoka shambani. Mkulima wa Kirumi alipochukua tawi la mzabibu akalifukia ardhini lioteshe mche mpya, kitendo hicho kwa Kilatini kiliitwa propagare. Aliyewahi kukata vipande vya mti wa muhogo akavipanda anakijua. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda kule Roma ofisi ya kusimamia kazi ya wamisionari, akaipa jina la Kilatini lenye maneno de Propaganda Fide, yaani juu ya imani inayopaswa kuenezwa. Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki limekua chini ya ofisi hiyo, na kwa muda mrefu jina hilo halikuonekana kuwa tusi. Hata Wanazi, chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani, hawakulionea haya: Machi 1933 walimpa Joseph Goebbels wizara nzima iliyoitwa ya Uelimishaji wa Umma na Propaganda. Ni kazi za watu kama hao zilizolichafua neno, hadi sisi tukaliokota likiwa limeshachafuka.

Lakini tazama walivyofanya kazi yenyewe. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walitembezwa Theresienstadt, geto la Wayahudi katika nchi ya Wacheki iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. (Geto hapa si chumba cha kijana asiyeoa. Ni mtaa au mji waliofungiwa watu.) Nyumba zilikuwa zimepakwa rangi, maua yamepandwa, na watoto waliimba mchezo wa opera jukwaani. Rangi ile ilikuwa rangi kweli, na watoto waliimba kweli. Kilichofichwa ni kwamba mwezi mmoja tu kabla, watu 7,503 walikuwa wamesombwa kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji, ili mji usionekane umefurika. Baadaye mwaka huohuo, wengi wa watoto walioimba wakapelekwa hukohuko.

Warsaw mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwishoni mwa Julai 1942 yalibandikwa matangazo getoni: atakayejipeleka mwenyewe kituoni kwa ajili ya kuhamishwa atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jemu. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa, na mkate ule ulitolewa kweli. Treni ilikuwa inakwenda Treblinka, kwenye vyumba vya gesi. Ukimwambia mtu kwamba propaganda ni uongo, umemfundisha kukagua mkate tu. Mkate ataukuta upo.

Waliolielewa hili mapema ni kundi la siri la Emanuel Ringelblum, mwanahistoria aliyekuwa amefungiwa humohumo getoni. Kundi liliitwa Oneg Shabbat, furaha ya Sabato, kwa kuwa walikutana Jumamosi. Walikusanya shajara, insha za watoto wa shule, tiketi za tramu, karatasi za peremende, na matangazo ya Wajerumani wenyewe. Agosti 1942 wakafukia masanduku 10 ya bati chini ya jengo la shule, mtaa wa Nowolipki namba 68. Yalifukuliwa Septemba 1946. Makopo mawili ya maziwa yaliyofukiwa baadaye yalipatikana Desemba 1950. Katika watu wapatao 60 wa kundi hilo, walionusurika vita ni watatu.

Nao walitaka kueneza habari. Ripoti zao zilipenyezwa hadi London, na Juni 1942 BBC ikatangaza mauaji ya Wayahudi wa Poland. Ringelblum aliandika kwa furaha kwamba hatimaye dunia imesikia. Je, hiyo nayo ni propaganda? Mimi nasema hapana, na sababu ninaiona ndani ya masanduku yale. Waliandika pia juu ya polisi wa Kiyahudi waliokula rushwa na kuwakamata ndugu zao, na juu ya matajiri wa getoni waliokula wakashiba huku wengine wakianguka njiani. Mpiga propaganda angeyatoa hayo. Wao waliyafukia pamoja na mengine, wakijua yatasomwa. Huo ni ushuhuda, na kuuandika kulikuwa kupambana, miezi mingi kabla ya risasi za Aprili 1943, Wayahudi wa geto walipoinua silaha dhidi ya Wajerumani.

Na riwaya? Mwandishi wake anapobuni msichana anayepenyeza magazeti ya siri chini ya koti, ananiambia tangu kwenye jalada kwamba amebuni. Mimi msomaji najua amebuni, naye anajua kwamba najua. Akipotosha mambo yaliyotokea kweli, tumkosoe kwa hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikundini, nadhani ulichotaka kusema ni kwamba msichana yule hakuwahi kuwepo. Ni kweli, hakuwepo. Kiswahili cha hilo ni "kubuni", na ulikuwa umeshalitamka mwanzoni mwa sentensi yako.