Dengi: kirusi kinachoiziba mbiu ya mgambo mwilini

Kijana katoka kuchuma karafuu, anaingia kituo cha afya akikwepa mwanga. Macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vinamvunjika, mwili moto. Anatobolewa kidole, kipimo cha malaria hakioneshi kitu. "Sasa naumwa nini?"

Huenda ni dengi. Jambo ambalo wengi hapa Pemba hawajaambiwa ni kwamba homa ile na maumivu yale, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya jeni zake mwenyewe.

Kila seli (ukiacha chembe nyekundu za damu, zisizo na kiini) ina jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini, ila haizitumii zote kwa pamoja. Nyingi hukaa zimefungwa. Kirusi cha dengi kikiingia, walinzi wa ndani ya seli huitambua RNA yake (molekuli inayobeba maelekezo ya kirusi) kuwa ya mgeni, wakafungua jeni za intaferoni. Protini hii, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, yenyewe haikiui kirusi. Ni mbiu ya mgambo: hutoka nje na kuwagongea majirani. Kwa jirani, protini mbili, STAT1 na STAT2, hushikana, zikaingia kwenye kiini na kufungua mamia ya jeni zilizolala. Baadhi hukatakata RNA ya kirusi, nyingine husimamisha utengenezaji wa protini ili kirusi kikose pa kuzaliana.

Gharama yake ndiyo homa. Wagonjwa wa homa ya ini C waliodungwa intaferoni kama dawa walipata joto na maumivu ya mwili vilevile, na dengi hawana.

Dengi nayo ina ujanja wake. Protini yake iitwayo NS5 huishika STAT2 na kuipeleka ikavunjwe. Mbiu inalia, jirani anaisikia, lakini mjumbe wa kuingia ndani keshauawa. Jeni zinabaki zimefungwa. STAT2 ya panya, NS5 haiiwezi, na hiyo ni sababu mojawapo ya panya wa kawaida wa maabara kutougua dengi kirahisi, jambo lililowatesa sana watafiti.

Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu kameza antibiotiki za dukani kwa homa kama hii. Antibiotiki hupiga bakteria. Katika vita hivi haina pa kushika. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni hatari zaidi, kwani dengi hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo, maji, uji, madafu.

Na siku ya kuogopa si ile homa ilipopanda. Ni kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inaposhuka na nyumba nzima inashusha pumzi: hapo ndipo mishipa midogo ya damu inaweza kuanza kuvuja maji. Akitapika mfululizo, tumbo likimkata, fizi zikitoa damu au akilegea, arudishwe hospitali saa ileile, hata kama paji la uso limeshapoa.