Mbona baharini mkojo unabana? Moyo unavyopima wingi wa damu

Daktari, shikamoo. Kila nikikaa baharini kama nusu saa mkojo unanibana, na maji sijanywa. Ni baridi?

Marahaba. Baridi inachangia, ila hata maji yakiwa ya uvuguvugu utabanwa tu. Ukisimama nchi kavu, nusu lita ya damu au zaidi huteremka na kutuama miguuni na tumboni. Ukizama hadi shingoni, maji yanakukandamiza pande zote na damu ile inapanda kifuani. Vyumba vya juu vya moyo, yaani atria, vinajaa.

Moyo unajuaje kwamba umejaa?

Pale mishipa mikubwa ya vena, inayorudisha damu moyoni, inapoingilia atria kuna ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu. Kuta za hapo ni nyembamba, hivyo damu ikiongezeka kidogo tu zinatanuka, na ncha hizo zinavutika. Neva ya vagasi inapeleka habari kwenye shina la ubongo. Ubongo unapunguza vasopresini, homoni inayoziamuru figo zibane maji. Figo zikishaachiwa, mkojo huo!

Mwaka 1956 watafiti Henry na Gauer walieleza jinsi walivyotanua puto dogo ndani ya atria ya kushoto ya mbwa, na mkojo wa mbwa ukaongezeka. Atria zenyewe pia humwaga homoni inayotoa chumvi na maji. Hiyo ilitambuliwa na mtafiti de Bold na wenzake huko Kanada mwaka 1981.

Na damu ikipungua?

Kinyume chake. Mtu akichangia damu, chupa moja ya mililita 450, kuta zinalegea na ncha zinanyamaza. Ubongo unabana mishipa ya damu, figo zinazuia chumvi na maji. Kipimo cha presha mkononi kinaweza kusoma vilevile kama kabla. Ndiyo maana mama anayevuja damu baada ya kujifungua asiachwe eti kwa sababu presha yake iko sawa. Tazama pia mapigo ya moyo, ubaridi wa viganja na khanga zilivyolowa.

Baba yangu miguu inavimba jioni, usiku anaamka kukojoa mara 3 au 4.

Akilala, maji ya miguuni yanarudi kwenye damu, atria zinajaa, figo zinafunguliwa: ni bahari ileile, kitandani. Ila moyo uliochoka, kisukari na tezi dume navyo huamsha watu usiku, kwa hiyo mzee apelekwe akapimwe. Msimnyime maji. Alasiri alale kidogo miguu ikiwa juu ya mto, akojoe mapema.