Kwa nini wanafunzi wengi wa uzamili huanza na uchambuzi wa mada?

Je, wajua kwamba kinachowakwamisha wengi katika utafiti wa kitaamuli, yaani ule unaotegemea maelezo ya watu badala ya takwimu, si kazi ya uwandani? Mahojiano yamekwisha, sauti zimeandikwa neno kwa neno, rundo la kurasa liko mezani, na mwanafunzi hajui ashike wapi. Hapo ndipo wasimamizi wengi humwelekeza kwenye uchambuzi wa mada, yaani kusoma data na kutafuta maana zinazojirudia ndani yake.

Mbinu nyingine zina masharti mazito. Ile ya kujenga nadharia kutokana na data, waliyoiasisi Barney Glaser na Anselm Strauss mwaka 1967, inakutaka ukusanye huku ukichambua, kisha urudi uwandani kufuatilia ulichokiona. Ni mbinu nzuri, ila inakula muda ambao mwanafunzi kwa kawaida hana. Fenomenolojia, inayochunguza jinsi watu wanavyoyapitia mambo, inadai kwanza uielewe falsafa ya mwanafalsafa Edmund Husserl. Ethnografia, inayochunguza maisha ya jamii kutoka ndani, inataka ukae na watu kwa muda mrefu.

Uchambuzi wa mada haukufungi kwenye nadharia moja. Virginia Braun na Victoria Clarke waliueleza mwaka 2006 kwa hatua sita: kuizoea data, kuipa lebo, kutafuta mada, kuzipitia, kuzipa majina, kuandika.

Lakini wepesi huo una mtego. Tuseme muuguzi wa zamu ya usiku anasema: "Nikiingia nyumbani watoto wanatoka kwenda shule. Tunapishana mlangoni." Mwanafunzi anaandika pembeni: "familia". Lebo hiyo haibebi kitu. "Kupishana na watoto" inabeba. Mwingine akisema habari za mwanawe huzipata kwa jirani, na wa tatu kwamba hata mbwa wake humbwekea, unaweza kuziunganisha: kazi ya usiku humfanya mzazi kuwa mgeni nyumbani kwake. Hiyo ndiyo mada, maana ina dai unaloweza kulitetea. "Changamoto za kifamilia" ni jina la faili tu, na kwa bahati mbaya tasnifu nyingi huishia hapo.

Braun na Clarke wamesisitiza pia kwamba mada hazijifichi ndani ya data zikisubiri kuokotwa. Mtafiti ndiye anayezijenga. Kwa hiyo usiandike "mada ziliibuka". Eleza ulivyozifikia, na kama wewe mwenyewe uliwahi kufanya zamu za usiku, liseme hilo kwenye sura ya mbinu.