Kuingiza Gmail hakutoshi kuhifadhi simu nzima

Kwenye magrupu unazunguka ujumbe kwamba ukishaingiza Gmail kwenye simu ya Android, vyote vimehifadhiwa na vitarudi kwenye simu mpya. Si kweli. Nakala rudufu (backup) ya Android hubeba mipangilio, SMS na data za programu, tena kwa kikomo cha MB 25 kwa kila programu. Hifadhi ya picha huwashwa kivyake, WhatsApp nayo ina yake. Mafaili uliyopakua mara nyingi hubaki kwenye simu ya zamani.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu namba zilizohifadhiwa kwenye akaunti hurudi zenyewe mara moja.

Fungua Mipangilio, tafuta "nakala rudufu", uangalie tarehe ya mwisho. Nakili mafaili muhimu kwenye kompyuta, uyafungue huko kabla ya kufuta simu. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze. Kuna atakayeuamini akafuta picha za marehemu mama yake.