Masafa Machache, Simu Nyingi: Mnara Unavyogawa Chaneli

Watu wengi hulalamika kwamba simu inaonyesha mistari yote ya mtandao, lakini video haifunguki na ujumbe wa sauti unazunguka tu bila kutumwa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mistari ile hueleza nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu kutoka mnarani. Haisemi ni watu wangapi wanaoyatumia kwa wakati huohuo. Kariakoo saa kumi na moja jioni, simu nyingi mno huwa chini ya minara ileile, na kila mnara hutumia kipande cha masafa ya redio ambacho hakipanuki kwa sababu watu wameongezeka.

Kila kizazi cha simu kimekuwa na namna yake ya kugawa kipande hicho. Katika kizazi cha pili, chaneli yenye upana wa kilohezi 200 iligawanywa katika vipindi 8 vya muda, na wateja wakapokezana. Kizazi cha tatu kiliwaruhusu wote kutumia megahezi 5 zilezile kwa pamoja, kila mmoja kwa msimbo wake, jambo lililolazimu nguvu ya kila simu irekebishwe mara 1,500 kwa sekunde ili aliye karibu na mnara asimfunike aliye mbali.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na 4G. Chaneli hukatwa kuwa mawimbi membamba yaliyoachana kwa kilohezi 15, kisha kila mawimbi 12 hufanya fungu moja. Chaneli ya megahezi 20 hutoa mafungu 100, na kila baada ya milisekunde moja mnara huamua upya nani apewe mafungu yapi. Mtindo huo ndio unaoendelea katika 5G, ila kwa kipimo kikubwa zaidi: chaneli ya megahezi 100, mawimbi yakiachana kwa kilohezi 30, ina mafungu 273, na uamuzi unaweza kufanywa kila nusu milisekunde.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo penye suala la haki. Simu hutuma taarifa kuhusu hali ya chaneli yake, na katika 4G taarifa hiyo ni namba kati ya 0 na 15. Aliye karibu na mnara, mwenye namba ya juu, anaweza kubebewa biti 6, yaani chembe 6 za data, katika kila alama, yaani kila mpigo wa wimbi unaorushwa. Aliye pembezoni, nyuma ya kilima au ndani ya nyumba ya zege, hubebewa biti 2 tu, na sehemu ya hizo hutumika kurekebisha makosa. Kwa hiyo fungu lilelile huzaa matunda tofauti kabisa. Mnara ukitaka jumla kubwa ya data, utawapa walio karibu kila kitu na wa pembezoni atasubiri bila mwisho. Ndiyo maana programu nyingi za ugawaji hulinganisha kile ambacho mtu anaweza kupata sasa na kile alichokwisha kupata, ili aliyekaa muda mrefu bila huduma asogezwe mbele kwenye foleni. Uzito wa kila upande huwekwa na binadamu, na sioni sababu ya umma kutouliza umewekwaje.

5G imepanua pia mgawanyo wa mahali. Mnara wenye antena ndogo 64 unaweza kuelekeza miale kadhaa kwa pamoja, na watu wawili walio pande tofauti wakatumia fungu moja kwa wakati mmoja. Njia nyingine ni kuwatofautisha watumiaji kwa nguvu ya mawimbi: kipokezi hutambua kwanza ishara yenye nguvu, huiondoa, kisha husoma iliyobaki. Jumuiya ya 3GPP, inayoandaa viwango vya mitandao hii, iliichunguza njia hiyo lakini haikuiingiza katika 5G, na sasa watafiti wanaijadili tena kwa ajili ya 6G, kizazi kijacho.

Sababu moja ya mjadala huo ni vifaa visivyo simu, kama mita za maji na umeme. Mwongozo wa 6G uliotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, Novemba 2023 unazungumzia vifaa kati ya milioni 1 na milioni 100 katika kilomita moja ya mraba. Leo kifaa kinachotaka kuingia mtandaoni huchagua mojawapo ya ishara 64 za kuomba nafasi. Viwili vikichagua ileile kwa wakati mmoja hugongana, na kwa kawaida angalau kimoja hulazimika kuomba upya.

Masafa mapya, kama yale yaliyopigwa mnada na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mwaka 2022, husaidia sana, lakini hayafuti kazi ya kugawa. Vigezo vya ITU vya 5G vinataja kilele cha gigabiti 20 kwa sekunde, na namba hiyo ndiyo hupenda kutangazwa. Vigezo hivyohivyo vinataka, katika miji yenye watu wengi, watumiaji 95 kati ya 100 wapate angalau megabiti 100 kwa sekunde wanapopokea data. Namba hii ya pili ndiyo wateja na wasimamizi wanapaswa kuidai inapotangazwa kasi ya mtandao, kwa kuwa ndiyo inayompima yule aliye pembezoni.