Mshtuko wa kuhamishwa: kwa nini mche hulegea ukibadilishiwa mfumo wa maji

Mshtuko wa kuhamishwa ni hali inayoupata mche unapotolewa mahali ulipozoea na kutiwa mahali pengine, ukalegeza majani na kusita kukua kwa siku kadhaa. Hali hii si ngeni kwa wakulima wa bonde la Cheju, Unguja, ambao kila msimu huona mpunga walioatika ukipauka na kulala kabla haujashika. Katika kilimo cha haidroponiki, yaani kilimo kisichotumia udongo ambacho mizizi hulishwa kwa maji yaliyoyeyushwa mbolea, hali hiyo hiyo hutatanisha zaidi, kwa kuwa mtu huuona mche umelegea kwa kiu ilhali mizizi yake imo majini.

Jani hupoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vyake vidogo, na mizizi hulazimika kurudisha kiasi kile kile kinachopotea. Kazi kubwa ya kunyonya hufanywa na ncha changa za mizizi pamoja na vinyweleo vyake, ambavyo ni vyembamba mno na hukatika kwa kuguswa tu. Mche unapong'olewa, sehemu kubwa ya vinyweleo hivyo hupotea, lakini majani hubaki yale yale na jua ni lile lile. Matumizi yakishazidi mapato, chembe za jani hupungukiwa na maji yanayozikaza, na jani huinama. Kulegea kwa siku mbili au tatu kwa hiyo si ugonjwa, bali ni dalili kwamba mizizi haijamudu bado kuyatosheleza majani.

Wengi hudhani kuwa kuhama kutoka maji kwenda maji hakuna madhara. Ukweli ni kwamba mzizi hujengeka kwa kufuata mahali ulipo. Ule uliokulia ndani ya beseni la maji yanayopulizwa hewa huwa mrefu, laini na wenye vinyweleo vichache, wakati ule uliokulia katika usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, au katika bomba la kulaza ambamo maji hupita kama utando mwembamba chini yake, huwa na vinyweleo vingi vinavyozoea hewa yenye unyevu. Ukiuchukua mche wa beseni ukauweka kwenye bomba, mizizi iliyozoea kuzama hujikuta nusu yake imo hewani. Ukifanya kinyume, mizizi ya hewani hufunikwa na maji na vinyweleo vyake vingi hufa, na mche hulazimika kuotesha mizizi mingine. Mche mchanga uliotiwa kwenye bomba huweza pia kulegea kwa sababu nyepesi kabisa, kwamba mizizi yake ni mifupi na haijaufikia utando wa maji unaopita chini yake. Jambo hilo linafaa kutazamwa kabla ya kuwaza lolote jingine. Mfumo wa bomba vilevile hauna akiba: umeme ukikatika adhuhuri na pampu ikasimama, saladi hulala katika muda mfupi, na mtu aliyeishi Unguja katika giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hahitaji kuelezwa kwa nini tangi la akiba liwekwe juu.

Sababu ya pili ni ukali wa mbolea, na hapa visiwa vyetu vina mambo yao. Maji huingia mzizini kwa urahisi pale ambapo chumvi zilizo nje ya mzizi ni chache kuliko zilizo ndani. Mche uliolelewa kitaluni kwenye maji yenye kipimo cha milisimensi 0.8 hadi 1.0 kwa sentimita (kipimo cha chumvi kinachosomwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), ukihamishiwa ghafla kwenye tangi la nyanya lenye 2.5, hukuta maji yakiugomea mlangoni. Visima vya karibu na pwani, hasa katika ardhi ya mawe ya uwandani, mara nyingi huwa na chumvi kabla hata hujatia mbolea, kwa hiyo ni lazima maji ya kisima yapimwe yakiwa matupu. Usumba nao una hila yake. Makumbi yanayofukiwa ufukweni ili yaoze na kusokotwa kamba, kama ifanywavyo Jambiani na Paje, hunywa maji ya bahari. Kamba haidhuriki, lakini mche uliowekwa humo hudhurika. Usumba wa namna hiyo huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara nyingi, na maji yanayotoka hupimwa mpaka yakaribiane na yaliyoingia.

Ya tatu ni joto. Mizizi iliyomo majini hupumua oksijeni iliyoyeyuka, na maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, wakati huo huo mzizi ukihitaji oksijeni nyingi zaidi. Tangi jeusi lililoachwa juani wakati wa kaskazi hufika huko bila shida. Joto hilo pia huwafaa vimelea vya jamii ya Pythium, ambao huozesha mizizi iliyojeruhiwa, na mche uliotoka kuhamishwa haukosi majeraha.

Kutofautisha mshtuko na uozo hakuhitaji chombo cha thamani. Utazame mche alfajiri. Ukiwa umeinama saa saba mchana lakini alfajiri umesimama, mizizi ingali hai na inajipanga upya. Ukiwa umelala hata kabla jua halijachomoza, uinue uone: mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na hata ikitiwa rangi na mbolea hubaki imara, wakati iliyooza huwa ya kahawia, yenye utelezi na harufu, na ukiivuta ganda lake huvuka na kubaki uzi. Umanjano wa majani machanga ambayo mishipa yake imebaki kijani ni jambo jingine. Huo kwa kawaida ni upungufu wa chuma unaoletwa na maji yetu ya mawe ya chokaa, ambayo hupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, juu ya 7 ilhali mimea mingi ya haidroponiki hupenda kati ya 5.5 na 6.5.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuuona mche umelegea akauongezea mbolea, akidhani una njaa. Anachofanya ni kuongeza chumvi mbele ya mzizi usioweza kunywa. Kinachotakiwa ni kupunguza ukali hadi karibu nusu kwa siku tatu hadi tano, kwa maji ya mvua yaliyokingwa kama yapo, kisha kuupandisha kidogo kidogo. Kuhamisha kufanywe jioni, mizizi isiachwe ikauke hata kwa dakika chache, na juu patandwe wavu wa kivuli au makuti machache. Tangi lifunikwe lisipate jua, na siku za joto kali chupa za maji yaliyogandishwa zitiwe ndani. Mche wenye majani mengi kuliko mizizi upunguzwe machache ya chini. Uliooza mizizi yote utolewe mara moja, na beseni lake lisafishwe kabla ya kutiwa mwingine, kwa kuwa maji yanayozunguka huupeleka uozo kwa jirani zake.