Kalamu ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo

Tuanze na jina, kwa sababu wengi huchanganya. Tanzania, anayesikiliza mashauri katika Mahakama ya Mwanzo ni hakimu. Majaji wako Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hakimu huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Zamani stashahada ya sheria kutoka chuo cha Lushoto ilitosha. Siku hizi mwombaji wa nafasi ya Hakimu Mkazi, ambacho ni cheo cha hakimu, huwa na shahada ya sheria na amepitia Shule ya Sheria, yaani mafunzo ya vitendo baada ya shahada.

Mashauri yenyewe ni ya maisha ya kila siku: wizi, shambulio, madeni, talaka, mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Yote huendeshwa kwa Kiswahili. Hata Sheria ya Ushahidi haitumiki huku. Badala yake zipo kanuni fupi za ushahidi za mwaka 1964. Wepesi huo huwaponza mahakimu wapya, wakadhani kazi ni kutambua nani mwongo. Kazi nzito ni kuandika. Rufaa ikikatwa, Mahakama ya Wilaya haimwoni shahidi akigugumiza. Inasoma mwenendo wa shauri tu, yaani maandishi ya hakimu ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani.

Chukua mshtakiwa wa wizi anayejibu, "Ndiyo, nilimchukua yule mbuzi, lakini ni wa kwetu." Hakimu mwenye haraka huandika "amekiri kosa" na kurukia adhabu. Kumbe hajakiri: anadai mali ni yake, na wizi hauwi wizi kwa mtu anayeamini kwa dhati kwamba anachukua chake. Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, lihesabiwe kuwa amekana, mashahidi waitwe. Akikiri waziwazi, bado asomewe maelezo ya tukio, aulizwe kama ni kweli, kisha atiwe hatiani. Adhabu huja baada ya hapo. Hatua ya kumtia hatiani ndiyo husahaulika, ingawa ni sentensi moja tu.

Ushahidi wa kila shahidi hufungwa kwa sahihi ya hakimu. Bila sahihi, nani atathibitisha kuwa maneno yale ndiyo yaliyosemwa? Mwenendo umewahi kubatilishwa kwa pengo hilo, shauri likaanza upya wakati mashahidi wameshahama.

Hukumu nayo itaje hoja zinazobishaniwa, uamuzi wa kila hoja na sababu zake. "Nimemwamini mdai" bila kusema kwa nini ni mwaliko wa rufaa, nayo hukatwa ndani ya siku 30. Mhusika aambiwe muda huo papo hapo, na nakala ya hukumu isicheleweshwe.